Mama Odeta, Mkono Ulionyooshwa Haukuwa Wako

Mama yetu Odeta, mwaka umetimia tangu tulipokuzika hapa Nansio, na mpaka leo watu wanatusifu kwa uongo tuliokuzika nao.

Ulikuwa mkarimu mpaka ukaudhi. Muhogo wa kwanza kuchimbwa ulikuwa wa jirani, na mgeni alikula kabla hujamuuliza jina. Heshima nayo uliishika kwelikweli. Miaka saba mkweo Yeremia hakuwahi kukutazama usoni. Akitokea, ulijifunika kanga, naye akaacha njia. Mlisalimiana ukuta ukiwa katikati.

Kisha Yeremia akarudi kutoka Mwanza mjini na homa, mwili umejaa malengelenge. Mkewe, binti yako Sabina, alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Ukamwambia, "Kaa huko na mtoto wako. Huyu nitamwona mimi." Matibabu ya saratani yalikuwa yamekuachia kinga kidogo, lakini ulimwogesha mkweo, ukampaka dawa, ukafua shuka zake kwa mikono mitupu. Na kwetu mama mkwe hagusi hata shati la mkwewe likiwa kwenye kamba.

Siku ya tatu muuguzi Dorcas alikuja na majibu ya vipimo vya Yeremia: mpox. Alikuja pia na chanjo.

"Sichanji kijiji kizima," alisema. "Namtaka aliyemgusa, na aliyeshika nguo au shuka zake. Hata sisi wahudumu tumechanjwa, maana tunawashika wagonjwa. Ndani ya siku nne inaweza kuuzuia ugonjwa. Ikichelewa, angalau inapunguza makali. Na mwenye kinga ndogo asikose kabisa, huyo ugonjwa unaweza kumuua. Haya, nani anamuuguza?"

Ndugu yako Mashimba akakohoa. Tulikijua kikohozi kile cha kutuziba midomo.

"Mimi," alisema Sabina, akanyoosha mkono.

"Na mama?"

"Mama ni mkwewe," Mashimba akadakia. "Hata mlango wa chumba kile haujui."

Ulikuwa umesimama palepale, mikono inanuka sabuni. Ulitazama chini, Mama, ukatuachia tuifiche aibu yetu. Chanjo ikaingia kwenye mkono ambao siku tatu zile haukumgusa mgonjwa. Dorcas akafunga kisanduku chake cha baridi, dozi nyingine zikiwa bado ndani, akaaga.

Yeremia alipona. Wewe malengelenge yalikutoka baada ya siku kumi, yakaingia kinywani na machoni, hata uji ukakushinda. Hospitalini ndipo tuliposema ukweli, wakati ambao ulikuwa hutusikii tena.

Msibani Mashimba alisimama akakusifu kuwa ulijua mipaka yako na mkweo. Watu wakaitikia. Yeremia, ambaye ulimwogesha kama mtoto, alikaa mbali na jeneza lako kwa sababu ya desturi. Hiyo ndiyo shukrani tuliyokupa.

Leo tunasema mbele ya watu: ulimgusa. Na wewe unayesoma, muuguzi akiuliza nyumbani kwako, wataje wote, hata yule unayemwonea aibu.

Wanaokukumbuka: binti yako Sabina, aliyechukua chanjo yako, mjukuu wako, tuliyempa jina lako, ndugu yako Mashimba, aliyelikataa tangazo hili lakini tumemwandika, na mkweo Yeremia, aliyeomba maneno ya mwisho yawe yake:

"Shikamoo, mama. Ni mimi uliyeniogesha. Sitakusahau mpaka naingia kaburini."