Manowari ya Tata

Lufingo, Rungwe.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa Ikupa,

Shikamoo dada. Kwanza nipe habari za afya yako, za shemeji na za watoto huko Morogoro; nataraji barua hii inawakuta nyote mna nguvu na mnakula vizuri. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuingia mifupani, hata ng'ombe anatoka bandani kwa kusukumwa. Wifi yako Debora anakusalimu na anasema kitenge ulichomtumia kimemkaa. Mzee wetu Tata naye anakusalimu. Amekaa hapo barazani, na hiyo ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Ninayotaka kusema yanamhusu yeye, na nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni mtu wa barazani anakupa pole.

Umesikia kwamba mdogo wetu Godwin alikuja likizo. Alishuka na boksi refu lililofungwa kamba, na mimi nikadhani ni televisheni. Kumbe ni manowari. Ni meli ya kivita ya mfano, dada, ndefu kama kitanda cha mtoto, inayoendeshwa kwa rimoti. Mizinga yake inafyatua gololi za chuma kwa nguvu ya gesi. Wenye mchezo huo wanaziingiza meli hizo bwawani, zinapigana na kutoboana, mpaka moja izame. Kwa hiyo ubavu wake umefunikwa kwa mbao nyembamba kama ganda la kibiriti, ili utoboke, na ukishatoboka unabandika nyingine. Godwin aliipata kwenye mitumba huko Dar, imekufa kabisa, na akasema kuna injinia Mbeya anayeitwa Hezron atakayeinunua kama itaelea na kupiga.

Nilitegemea Tata ageuze uso, maana tangu kiharusi kimpige mkono na mguu wa kulia hakuwa anageukia kitu. Na mimi alikuwa hasemi nami ila akitaka maji au akitaka kwenda chooni. Godwin akamwekea mapajani kipampu cha ile meli, akamwambia tu, "Tata, hii imekataa." Tata akakigeuza kwa mkono wa kushoto, akakinusa, kisha akaagiza bisibisi. Dada, ile sauti! Ni ile aliyokuwa akiwaitia vijana wake kiwandani, enzi akiwa fundi wa mitambo ya chai. Mimi nimekaa naye miaka yote hii sikuwahi kuitoa kooni mwake. Godwin aliitoa kabla hajavua viatu.

Basi wakahamia mezani kwangu. Parachichi zangu za kupeleka sokoni Tukuyu zikashushwa chini. Kutwa wanasugua kutu kwenye mizinga, wanaunga waya, wanacheka. Tata alisimulia habari za kiwandani ambazo sijapata kuzisikia, jinsi alivyowahi kuingia ndani ya tanuri la kukaushia chai likiwa bado lina moto, na mimi nazisikia nikiwa nje nakata majani ya ng'ombe. Nikiingia, wananyamaza. Siku moja niliona anahangaika kubandika kibao ubavuni, nikanyoosha mkono kumshikia. Akasema, "Jotham, acha. Kamwangalie ng'ombe." Masikio yalinichemka. Nilipomweleza Debora, alicheka mpaka akaweka mwiko chini, akasema nina wivu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikamkasirikia na yeye.

Na asubuhi bado nilikuwa namwogesha mimi. Nampaka sabuni mgongoni, yeye anaimba kidogo kidogo, halafu ananiuliza kama Godwin ameamka.

Siku ya majaribio Hezron alikuja na manowari yake mwenyewe, kubwa kuliko yetu. Tuliteremka kwenye bwawa la samaki la jirani. Tata nilimbeba mgongoni mimi, mteremko wote ule wenye utelezi, huku Godwin ametangulia na meli ameikumbatia kama mtoto mchanga. Tukamkalisha kwenye kiti. Godwin akashika rimoti ya usukani, Tata akapewa rimoti ya mizinga aifyatue kwa dole gumba la kushoto. Watu walijaa ukingoni, hata akina mama waliokuwa wakichuma chai jirani waliacha vikapu vyao wakaja.

Ngoja nikueleze kilichokuwa moyoni mwangu. Nilitaka izame. Nilisimama nyuma ya kiti cha baba yangu nikiwa nimemshikia sweta lake, na kila gololi ya Hezron iliporuka niliisindikiza kwa moyo wangu wote. Tata alimtoboa Hezron mara kadhaa, watu wakapiga vigelegele. Kisha yetu ikapigwa chini ya maji. Pampu ikatema maji juu kama chemchemi, ikakwama, manowari ikalala upande na kwenda chini. Nikamwinamia Tata haraka nimwone uso, nikitarajia huzuni.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka machozi, anapiga paja lake, na Hezron naye anacheka akisema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, na meli yenye mizinga ya namna ile anaichukua leo leo. Mimi nilibaki na furaha yangu mbaya mikononi, haina pa kuiweka.

Ikabidi mtu aingie kuitoa. Godwin akatazama suruali yake. Tata hata hakugeuka, akasema, "Jotham ataingia."

Niliingia. Maji yalinifika kifuani, baridi unaijua, natafuta kwa miguu ndani ya matope mpaka nikaigusa. Nilipotoka niliibwaga kwenye majani mbele yake, nikasema mbele ya watu wote, "Kwa hiyo mimi kazi yangu ni matope tu?" Godwin na Hezron wakaibeba kwenda kwenye gari, watu wakatawanyika, tukabaki sisi wawili.

Tata akaniambia kwa Kinyakyusa, polepole, kwa kuwa mdomo haumtii vizuri. Akasema, "Wewe unanivua nguo kila asubuhi. Ukiingia tu, nakumbuka kwamba nimekufa nusu. Mdogo wako hajaniona hivyo. Kwake mimi bado ni fundi. Usinikasirikie, mwanangu." Nikampakia mgongoni na nguo zangu zilizolowa, nikampandisha. Njia nzima alikuwa amenishika shingo kwa nguvu zaidi ya siku nyingine.

Manowari iliuzwa, Godwin akaondoka, na Tata anauliza kila siku atarudi lini.

Sasa dada, nisikilize. Wewe ndiye mkubwa wetu, Godwin hawezi kukukatalia. Mwite arudi akae hapa na Tata, na mimi nije kwako Morogoro kwa muda. Mwambie nimechoka. Lakini wewe nakuambia ukweli: sijachoka. Nataka Godwin amwogeshe. Nataka amkate kucha na kumfulia mashuka, mpaka siku moja aingie na Tata ageuze uso ukutani kama anavyonigeuzia mimi. Halafu mimi nishuke kwenye basi na begi langu, mgeni, na baba yangu aulize kwa sauti ile ni nani huyo amefika. Leo kanisani niliomba niondolewe wazo hili. Nimetoka nalo.

Usinihukumu upesi. Nitumie ujumbe wa neno moja tu kwenye simu, njoo au tulia, nami nitafuata.

Wasalimie shemeji na watoto, na mama mwenye nyumba wenu pia. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Jotham Ambilikile