Harusi ya Siku ya Thelathini na Tatu

Jumapili, 8 Februari
Rehema anaolewa! Mwanangu, nesi mtarajiwa, mzuri kama mimi enzi nina kiuno. Danieli kamvisha pete juzi. Nimetoka kanisani sasa hivi, hata viatu sijavua. Nimeshawatangazia wote: Jumamosi ya kwanza ya Mei. Kwaya nzima vigelegele. Maryland hii hakuna mama mwenye binti kama wangu. Ukumbi wa hapa Greenbelt nitauliza kesho.

Jumatano, 11 Februari
Jumamosi haiwezekani. Rehema kanikuta nakaanga samaki. Samaki wameungua.
Tangu aingie dini ya Kiyahudi nimejifunza mengi, ila hili sikulijua. Jumamosi ni Sabato, sawa, hilo kosa langu. Lakini kuanzia Pasaka yao wanahesabu siku arobaini na tisa, kila jioni moja. Wanaita Omeri. Humo ndani kuna maombolezo, ya wanafunzi wa rabi mmoja wa kale waliokufa kwa tauni. Kwa kina Danieli hakuna harusi siku hizo, isipokuwa ya thelathini na tatu. Mwaka huu ni Jumanne, tarehe 5 Mei.
Jumanne! Watu wako kazini. Nikasema basi baadaye. Hesabu yenyewe inaisha mwishoni mwa Mei, na Juni anaanza kazi, likizo hana.
Nimekasirika. Aibu pia. Sikula.

Ijumaa, 20 Februari
Kaka Elifasi wa Annandale amekataa. Jumanne haji. Baba yake Rehema alishafariki, mjomba ndiye wa kumsindikiza. Na ukoo wetu huku unamtazama yeye. Asipokuja, hawaji. Mwanangu aolewe upande wake viti vitupu?
Nimelia kwenye basi. Halafu nikafuta uso. Harusi ipo.

Jumapili, 19 Aprili
Jua limezama, nikampigia Rehema. Leo ya ngapi? "Jana ilikuwa ya kumi na saba, Mama." Nikamwambia mtoto wewe, ya jana nimekuuliza? Akacheka. Kumbe akiitaja ya leo kabla ya baraka, ameshahesabu, na baraka haisemi tena. Akisahau usiku, anahesabu mchana bila baraka, kesho yake anaendelea nayo. Akipitiwa usiku na mchana, baraka imempotea mpaka mwisho. Hajapitiwa hata siku moja, na mitihani juu. Kamzaa nani?
Kisha nikashtuka. Siku yao inaanza jua likizama. Mimi nimewaambia watu saa kumi na mbili jioni! Watu wetu hawa, kumi na mbili kwao ni saa tatu. Jua limeshazama, ni ya thelathini na nne, hakuna ndoa. Na mimi mtu wa Tanga, jioni ya Alhamisi tunaiita usiku wa Ijumaa. Nilisahau vipi?
Itakuwa saa nane mchana. Watanichukia. Wanichukie.

Jumamosi, 25 Aprili
Simu wiki nzima. Sauti imekauka. Kila mtu anauliza: Elifasi anakuja? Leo nimekwenda Annandale mwenyewe.
"Saa nane mchana, siku ya kazi! Mama Rehema, unaoza au unazika?"
"Kaka, msiba wa kule Bladensburg ulikuwa siku gani?"
Wifi akajibu toka jikoni: "Alhamisi. Na shifti aliiacha."
"Basi. Maiti unamwachia kazi. Rehema aliye hai je?"
Akanimiminia chai. Nimerudi bila jibu. Ila sirudi nyuma. Asipokuja, nitamshika mkono mwanangu mimi peke yangu, na nitatembea polepole wanione.

Jumatatu, 4 Mei
Nyumba imetulia. Pilau niliyowapikia ndugu zangu jana nimeigawa kwa majirani, ukumbini haiingii. Chakula cha kesho ni cha wapishi wao, kwa sheria zao.
Mchana Kaka alipiga. Hakusalimia. Akauliza sare ya ukoo ni rangi gani. Nikamwambia zambarau. Akasema wifi ameshaipata, gari la Annandale limejaa, hana nafasi ya mtu mwingine. Akakata.
Jioni Rehema alisimama dirishani. Baraka, kisha hesabu, taratibu. Thelathini na tatu. Nikaitikia amina. Sasa amelala chumba cha pili.
Kwao siku imeshaingia. Kwetu ni kesho. Jumanne, saa nane mchana, wote.