Toleo Lililokuwa Likimsubiri Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko imekuonea huruma. Sisi wazima. Mama anakula vizuri, na bado ananikazia macho nikimchana nywele vibaya.

Najua umenuna. Tangu siku ile ulipompigia, simu zangu hupokei. Ulimuuliza kama uje kumwona, tableti inayomsemea ikajibu, "Sitaki uje," ukakata. Hata mimi ningeumia. Lakini Mjomba, aliyekujibu si dada yako.

Ile tableti ya zamani iliharibika. Fundi Miwani, yule wa kompyuta jirani na cherehani yangu, akamwandalia Mama nyingine na kuijenga programu upya. Ikajichukulia toleo jipya la kifurushi ulichomwandikia kwa Rust, ile lugha yako ya kompyuta, kile kinachogeuza herufi anazobonyeza kuwa sauti. Kuanzia hapo Mama akawa anakatizwa. Ana kidole kimoja tu kinachomtii, siku hizi kizito zaidi. Akitulia kutafuta herufi, mashine inadhani amemaliza, inasema. Aliomba maji ya kunywa, ikatamka "Maji", nami nikamletea beseni la kuoga. Mwishowe akaisukuma pembeni, akawa anatazama ukuta kutwa. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Toleo la zamani, 0.3.2, ulishaliondoa ili watu wasilichukue tena, na Fundi akaniambia tusahau. Nikamng'ang'ania kama kupe. Kumbe lile ghala la vifurushi la mtandaoni halitupi kitu: ukitaja jina na namba kamili ya toleo, unapakua msimbo wake wote, yale maandishi ya programu. Msimbo ukashuka mara moja, faili dogo kuliko picha yako ya harusi, ile uliyofumba macho. Fundi akaufungua, akaweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu.

Kwenye jipya umepunguza muda wa kusubiri. Nimeona wengine walilalamika kwamba kinachelewa, na wewe kumkatalia mtu hujui. Ila kwenye la zamani, juu ya mstari wa muda huohuo, ulijiandikia: "Subiri, dada anakuja." Fundi Miwani aliyasoma maneno hayo kwa sauti, kisha akavua miwani na kuanza kuifuta. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya.

Ameijenga programu kwa toleo lile na kuifunga kwenye namba hiyo, isijibadilishe tena. Mama sasa anaongea mpaka anatuchosha. Jana kanisema kuhusu chumvi, sentensi nzima na nukta yake.

Usijilaumu. Waliokuomba haraka wana vidole kumi. Sisi tumepata toleo letu.

Msalimie mkaza mjomba na wale mapacha, waambie gauni zao nimeshazikata. Kaka na Shangazi wanakusalimu sana. Mungu akupe afya na akufungulie njia.

Mpwa wako akupendaye hata ukinuna,
Mshonaji.

N.B. Nilimuuliza Mama alitaka kukuambia nini siku ile ulipompigia. Amebonyeza mwenyewe leo asubuhi, taratibu, mimi nimenakili tu:

"Sitaki uje kwa siku mbili kama mara ile. Njoo ukae."