Gari la Bi Mwanaidi na Arobaini ya Baba

Bagamoyo, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute miguu imepata nafuu, na wadogo zangu hawakusumbui. Mimi mzima, ila nimechoka, mama, nimechoka kweli kweli. Ningepiga simu, lakini najijua, ningelia hata salamu hazijaisha.

Najua mlinisubiri kwenye arobaini ya baba. Mtoto wa kwanza, halafu hayupo. Kilichonizuia ni gari.

Ni gari kuukuu aliloachiwa Bi Mwanaidi, mjane wa hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na marehemu mumewe. Alitaka limbebe mjukuu wake siku ya kuoa, na bosi wangu wa gereji akasema ruhusa ya kuja huko Kigoma sipati mpaka liwake. Nikabadilisha plagi, nikasugua platini, nikapima koili. Jioni linawaka vizuri. Asubuhi stata inazungusha weee, cheche hakuna. Siku nne hivyo! Nikaanza kujiona si fundi tena.

Siku ya tano niliwahi kwake mapema. Nikamkuta Bi Mwanaidi amefunua boneti, mrashi mkononi, anasoma dua huku akiinyunyizia injini marashi. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa cheche kwenye plagi: kimelowa, kinanukia mawaridi.

"Bibi, haya ndiyo yanayoua cheche."

"Ala! Mwanangu, mimi naliombea liwake!"

Sikujua nicheke au nikae chini nilie. "Mnyunyizie bwana harusi, bibi. Injini niachie mimi."

Nikakifuta, nikakianika juani, gari likawaka. Lakini ilikuwa jana Alhamisi, siku yenyewe ya hitma, na kutoka huku mpaka Kigoma nisingefika. Bi Mwanaidi akaniuliza mbona sifurahi. Nikamwambia. Akawaita wazee na wanawake waliokuja kupikia harusi.

"Huyu baba yake anasomewa leo, naye yuko hapa kwa ajili yangu. Kaeni."

Wakaacha masufuria, wakakaa mkekani, wakasoma Yasini. Mwenye kuomba dua akaniuliza jina la baba. Nikashindwa kulitamka. Aliporudia, likatoka.

Nisalimie shangazi aliyemuuguza baba, na yule shangazi mwingine wa Ujiji asiyekosa kuniulizia. Mjomba najua alisimama badala yangu; mpe mkono wangu. Akienda kaburini, amwambie baba kuwa watu wasiomjua wamemwitikia amina, na mimi nilikuwa katikati yao.

Mwanao,
Hamisi