Mama, Kidole Kile Si Changu

Al-Mahjar, Jeddah

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeifungia kabatini kama unavyofungia kila kitu kizuri mpaka kiharibike? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimelizoea, na kuitwa "dreva" badala ya Katana nimezoea pia. Lililonifanya nishike kalamu sijalizoea wala sitalizoea.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Nikigusa tu habari ya kidole, mtandao unakuwa mbaya. Barua haina mtandao. Nimempa Mercy, binti wa Mariakani aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kule mtaa wa Hindawiyah. Mkataba wake halas, umekwisha, anarudi. Kadzo atakusomea. Kadzo, mdogo wangu, soma kama nilivyoandika. Usipunguze ukali wangu na usiongeze wako.

Mama, karatasi ile nimeiona. Kadzo aliipiga picha akanitumia. Juu imeandikwa kwamba familia zinazopakana na hori la bahari zimeridhia mikoko ikatwe, kampuni ichimbe mabwawa ya chumvi. Chini, mstari wa nne, jina langu kamili, na kando yake alama ya dole gumba. Mimi! Mtu niliyegombana na machifu watatu kwa kalamu, niliyewaandikia wahariri wa magazeti mpaka wakanichoka, leo natia kidole? Na siku hiyo nilikuwa huku Jeddah, nimeegesha gari nje ya saluni, namngoja madam atengenezwe nywele.

Kwanza nilicheka. Kisha ukaniambia mwenyewe, kabla hujaanza kunikatia simu: "Nilikuwekea mimi, mwanangu. Waliita jina la kila boma. Lako likaitwa, pakawa kimya. Ningekuacha usihesabiwe kwenu?"

Kwa hilo sikulaumu. Tangu Baba afe umekataa kabisa nafasi yangu ionekane wazi. Hata Krismasi unanipakulia sahani. Ninaowalaumu ni wale watu wa kampuni waliokuja kwenye baraza ya chifu na soda na mkate wakasema hii ni orodha ya mahudhurio tu, wakakusanya vidole vya wazee, kisha wakabandika juu yake ukurasa ambao hakuna aliyesomewa. Huo ni wizi. Kijana akiiba kuku kwetu hupigwa na kijiji kizima. Hawa wameiba bahari, na Jumapili wanapewa viti vya mbele kanisani!

Na usidhani nakudharau. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Nilipofika Riyadh, katika ofisi ya wakala pale Shumaisi, karani alinisukumia karatasi za Kiarabu kitupu. Nikamuuliza zinasema nini. "Basma, basma, yalla!" akanisogezea wino, akanionyesha dole gumba. Foleni nyuma yangu ilikuwa inalalamika. Nikatia kidole. Kumbe nilikuwa nimekubali kupelekwa nyumba yoyote ya kafili, yaani tajiri wa kunidhamini, mji wowote, kazi yoyote. Ndiyo maana niko Jeddah, asubuhi naendesha gari na jioni nafagia ua. Wafula, mlinzi wetu wa getini, mtu wa Bungoma, alipojua alinicheka wiki nzima. "Buda, si ni wewe ulikuwa unafundisha watu wasome kabla ya kusaini? Umedonoa wino kama kuku!"

Kwa hiyo najua unavyojisikia, Mama. Lakini kumwambia Kadzo kwamba anakuaibisha, hapo tutakosana. Tangu visima vya ng'ambo ya hori vigeuke chumvi, ni nani aliyepita boma kwa boma akionja maji na kuandika kwenye daftari? Ni nani anayeingia topeni hadi mapajani maji yakitoka, kupanda miche aliyoiotesha kwenye pakiti tupu za maziwa? Walimwimbia kwamba ameolewa na tope. Chifu akamwita mchochezi mbele ya watu. Wakaja wakang'oa kitalu chake chote, na wiki hiyo hiyo akaanza upya. Wanaharakati wa mjini huja na fulana zenye maandishi, wakapiga picha, wakaondoka. Kadzo hana pa kuondokea. Maji unayopikia hayajawa chumvi kwa sababu mikoko ile bado imesimama, na imesimama kwa sababu yake.

Kesi aliyoifungua Kadzo kuipinga kampuni inasikizwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Wakili wa kampuni ana silaha moja kubwa: kaka wa mlalamishi mwenyewe ameridhia. Juzi nilimpeleka bosi Riyadh, nikamwomba saa mbili, nikaenda ubalozini kwetu kuapa, ikama, kibali changu cha kuishi huku, mkononi, kwamba siku ile nilikuwa huku. Kiapo kimo katika bahasha hii. Hakitoshi. Watasema nilikubali kwa simu nikaagiza niwekewe kidole, na sasa dada yangu amenigeuza. Wewe peke yako ndiye unayejua uliambiwa nini pale barazani.

Unaogopa kufungwa. Mwanasheria wa Kadzo ameniambia hakuna atakayekufunga kwa kueleza ulivyodanganywa. Unaona haya kusema hadharani kwamba hujui kusoma. Haya ni yao, Mama! Wao ndio waliosoma, na usomi wao wakautumia kwako.

Nisalimie mjomba Karisa, mgema wetu, aache kupanda minazi kwa umri ule. Shangazi Dama wa kwaya mwambie nimesikia anamwombea kila mtu isipokuwa chifu. Aendelee hivyo hivyo.

Mama, kiapo changu kinasema kidole si changu. Hakisemi ni cha nani. Hilo sikumwachia mwanasheria wala Kadzo. Nimekuachia wewe ulitamke mbele ya hakimu, chifu akikutazama.

Mwanao wa kwanza,
Katana