Mke Wangu, Ukili Wako Umeingia Darasani

Nkowe, Ruangwa

Bibi, mke wangu,

Usinune huko uliko kwamba nimekawia kuandika. Mumeo, mjukuu wako, nina habari, na si ndogo.

Unakumbuka vijana wawili wa sekondari waliponikuta nasuka ukili wa mkeka nawe, nikaona haya kwa kazi ya wanawake, nikawaambia, "Namshikia tu bibi"? Ulicheka, lakini siku nzima hukuniita mume. Neno lile nalijutia tangu tukuzike. Sasa sikia.

Juzi nilikuwa napiga lipu pale sekondari niliyoiacha kidato cha pili. Ndani, mgeni kutoka chuo kikuu kachora ubaoni nyuzi tatu, mara mbili. Mchoro wa kwanza unapishanisha mbili za kushoto, kisha za kulia, kisha za kushoto. Wa pili, kulia, kushoto, kulia. "Ni msuko mmoja au miwili?" Darasa zima: "Miwili!"

Nikashindwa kujizuia, Bibi. Nikaingia kupitia dirishani, lipu hadi puani. "Mmoja!"

Mwalimu wao akafoka, "We, toka! Hesabu si zilikushinda hapa hapa?" Wakaangua kicheko. Mgeni akasema, "Mwache aonyeshe."

Nikachomoa majani matatu ya ukindu kwenye kikapu cha zana cha fundi wangu (kikafumuka, bado kaninunia). Nikasuka ule wa kwanza. Lile jani la juu nikalisukuma kwa gumba, likateleza juu ya pale wenzake wanapopishana. Ncha sikugusa hata moja. Ukawa ule wa pili! Mgeni akasogea karibu, akauliza:

"Nani kakufundisha?"

Wale vijana wawili walikuwemo, dawati la nyuma. Nikawakazia macho. "Bibi yangu. Nilikuwa nasuka naye, kwa mikono hii."

Mgeni akasema kanuni hiyo imo ndani ya aljebra za kwantamu, hesabu ambamo A mara B si lazima iwe sawa na B mara A. Wanahisabati wanaitumia kutofautisha mafundo, wanafizikia kufuatilia vijichembe visivyoonekana vinavyobadilishana nafasi. Nusu sikuelewa, ila nilitikisa kichwa kama profesa.

Mkuu wa shule aliposikia, kanirudisha masomoni. Jumatatu nakaa na watoto wanaonifika kifuani, na bado nitawatesa!

Pumzika, mrembo wangu. Ningetaka ungekuwepo, basi tu... Nakuahidi nitazisoma hesabu hizo mpaka nimwulize mgeni yule swali asilolijua. Nikikwama, kalamu chini, nasuka. Mbele ya watu wote.

Mumeo,
Hamisi