Fluti ya Sauti Nzito kwa Abigaëlle

Kapata, Kolwezi,
Tarehe 9 Agosti 2024.

Mpendwa binti yangu Domitille,

Pokea salamu zangu mimi baba yako mkubwa, pamoja na za mama yako mkubwa Marie. Tunatumaini kwamba wewe, mume wako na watoto mko wazima huko Liège, na kwamba goti lako halikusumbui tena. Sisi tuna afya ya kiangazi: vumbi la malori limetupa sote kikohozi, lakini hakuna aliyelala kitandani. Jicho la Marie lililopasuliwa linaona vizuri, hata ameanza tena kukosoa ushonaji wa jirani.

Nyumba imepakwa chokaa upande wa barabara. Mwembe wa uani tulilazimika kuukata, kwa sababu mizizi yake ilikuwa imefika kwenye msingi.

Sasa nijibu swali lako. Uliniuliza kwenye simu ununue fluti ya namna gani kwa ajili ya mjukuu wangu Abigaëlle, ya mti au ya plastiki, kabla hajaanza masomo ya muziki parokiani mwezi wa Oktoba. Sikukujibu siku ile kwa kuwa sikulijua jambo hilo, nami sipendi kujibu nisichokijua. Tangu hapo nimezungumza na mwalimu wake, Mama Wivine, na pia limetokea jambo ambalo lazima ulielewe kabla hujaingia dukani.

Mama Wivine alimwazima mtoto fluti ndogo kwa juma moja, ile ya sauti ya juu ambayo watoto wengi huanzia. Abigaëlle aliipokea kwa furaha, akaenda kukaa uani karibu na ukuta wa nyuma. Mtoto anayeanza hupuliza kwa nguvu kupita kiasi. Fluti haikuimba, ilipiga ukelele mmoja mrefu.

Nyuma ya ukuta huo, katika ua wa jirani, kuna shimo ambamo mwanangu Papy na wenzake huchimba madini. Maoni yangu juu ya kazi hiyo unayajua, sitayarudia. Lakini utaratibu wao huujui wewe. Mtu mmoja hubaki juu, na filimbi shingoni. Akiona ardhi inapasuka, hupiga filimbi mara moja, kwa muda mrefu, na walio chini huacha kila kitu na kupanda.

Basi walipanda. Papy alitokea wa kwanza, kisha wengine, wote weupe kwa udongo. Yule wa juu aliapa kwamba hakupiga kitu. Ndipo walipochungulia juu ya ukuta wakamwona Abigaëlle na fluti yake mdomoni. Nayaandika maneno yao kama yalivyosemwa, ingawa mimi nisingesema hivyo.

“Eh, tata Kalenga!” akapaza sauti kijana mmoja aitwaye Mechack. “Ni huyu mutoto ndiye alitukimbizisha? Mi niliacha mpaka kiatu kule chini!”

“Kiatu gani?” mwenzake akamjibu. “Kile chenye vidole binatoka inje? Wacha shimo likibebe!”

Walicheka, na mtoto akaanza kucheka pamoja nao. Papy hakucheka.

“Leo tulipanda,” alisema. “Kesho atapuliza tena, tutapanda. Kesho kutwa tutasema, ni mutoto wa Papy anajifunza, tuendelee. Na siku hiyo ni filimbi ya kweli.”

Abigaëlle aliniletea fluti mwenyewe, akaniomba niifungie kabatini. Siku iliyofuata alisema hataki tena masomo. Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililonifanya nishughulike.

Nilikwenda kwa Mama Wivine. Alinieleza kwamba iko fluti nyingine, ndefu zaidi, inayoitwa alto, ambayo sauti yake ni nzito na laini. Hata ikipulizwa vibaya hailii kama filimbi. Kwa kawaida haanzishi mtoto kwa hiyo, kwa sababu matundu yameachana sana na noti hazisomwi sawa na za ile ndogo. Lakini alikubali kumfundisha peke yake baada ya wengine kuondoka, mradi vidole vyake vifike.

Kwa hiyo, tafadhali, usinunue ile ndogo, hata kama ni nzuri. Nunua alto ya plastiki. Ya mti huhitaji mafuta na hupasuka katika ukavu wa huku. Ya plastiki huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni vumbi linapoingia. Iwe ya vipande vitatu, ili kile cha chini kizungushwe kuelekea kidole kidogo. Tena muuzaji atakuuliza kama unataka mpangilio wa matundu wa Kijerumani au wa baroque. Sema baroque. Ule wa Kijerumani hurahisisha noti moja mwanzoni na kuharibu nyingine baadaye.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi yenye mikono ya Abigaëlle. Niliichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, vidole vikiwa vimetanuliwa bila kulazimishwa. Iweke juu ya fluti dukani: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Visipofika, usinunue; tutangoja akue. Nasoro, mwenye malori, ndiye anayefikisha barua hii Lubumbashi, naye ameahidi kupokea mzigo huko.

Papy amekubali kwa sharti moja. Fluti ikifika, mtoto ataipuliza palepale ukutani, kwa nguvu zake zote, wakati wao wako chini. Abigaëlle naye ameongeza sharti lake: baba yake asiambiwe siku. Wakipanda, fluti itarudi kwako pamoja na shukrani zetu. Wasipopanda, ataanza masomo.

Nitakaa naye. Tangu Papy aanze kazi ile, kila jioni nimeutazama ukuta huo nikingoja atokee. Siku hiyo nitautazama nikiomba asitokee.

Msalimie mume wako, na watoto wako Tania na Amani. Waambie wajifunze kuandika barua. Bilonda, dada yako aliyeko Kasaji, anakusalimu na kuuliza habari za goti. Mungu ailinde nyumba yenu, na awarudishe huku tungali hai kuwapokea.

Ni mimi, baba yako mkubwa, nikupendaye kama mtoto wa tumbo langu,

Tharcisse Kalenga